Kukohoa Kwenye Kona

Siku hizi pale darajani wameweka kibao. Kimepakwa rangi ya kijani, kina mchoro wa mtu mwenye fimbo na mkoba mgongoni, na chini yake wameandika: Njia Rahisi za Kutembea. Mshale mmoja unaelekeza kando ya mto, mwingine unaelekeza kilimani. Wikendi vijana hutoka Kitale na Eldoret, hata Nairobi, wanaacha magari yao nyuma ya kanisa, wanapanda wakipiga picha, na jioni wanarudi wakisifu hewa. Sina ugomvi nao. Wananunua ndizi na chai, na mji wetu mdogo unahitaji wanunuzi. Lakini kila nikilisoma neno hilo "rahisi", miguu yangu inaanza kuuma yenyewe.

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya kibao hicho pamoja na baba yangu. Nilikuwa nimetoka Kitale, ninakofundisha shule ya msingi, nimechoka uchovu ule wa mtu ambaye hata likizo yake ni ya mazishi. Tulikuwa tunaenda kumzika Kukhu. Sisi Wabukusu nyanya tunamwita hivyo, na huyu alikuwa mama yake mama yangu, aliyeishi nyuma ya kilima, upande wa kuelekea Cheptais, hadi akawa mkongwe kuliko watu wote niliowahi kuwafahamu. Mama alikuwa ameshatangulia kwao kukaa na ndugu zake. Mimi nilikuwa nimeita bodaboda itupeleke kwa kuzunguka na barabara kubwa. Baba alikataa.

"Nitatembea."

"Baba, na hayo magoti?"

"Magoti ni yangu. Kuna neno nataka limfikie nyanya yako kabla hajafukiwa, Nasimiyu. Neno kama hilo halipandi pikipiki."

Nikamwomba radhi kijana wa bodaboda, naye akaondoka akinung'unika. Tukaanza kupanda. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na majani ya mikaratusi yalikuwa yamelowa chini, tukiyakanyaga yanatoa ile harufu kali inayofungua pua na kuuma macho kidogo. Harufu hiyo ndiyo iliyonirudisha. Nilikuwa nimejikaza tangu Kitale, lakini hapo nikawa tena mtoto wa darasa la pili, nimeshika kidole cha baba yangu, natembea njia hizohizo bila kuelewa kwa nini.

Wakati huo Baba alikuwa mpakiaji katika ghala la mahindi. Malori yalikuja kutoka Tongaren yamejaa magunia, naye pamoja na wenzake waliyashusha kwa mgongo, siku nzima. Alirudi nyumbani jioni vumbi la mahindi limekaa kwenye nyusi, shingo imeinama upande mmoja. Mtu wa namna hiyo ungetegemea aingie ndani, avue viatu, aletewe maji. Baba hakuingia. Alisimama kwenye lango akaangalia ua wetu wa miti ya kayaba yenye miiba. Kama leso ya manjano ilikuwa imetandikwa juu ya ua, aliita tu, "Nasimiyu, njoo tukatembee," na tukaondoka.

Ndani, Mama alikuwa amelala. Niliambiwa ana malaria. Ukweli, ambao nilikuja kuambiwa nikiwa mkubwa, ni kwamba alikuwa amepoteza mtoto tumboni na mwili wake ukagoma kurudi. Mimi niliona tu kwamba amekonda, kwamba mikono yake ina joto, na kwamba Kukhu anavuka kilima kila mchana akiwa na kikapu cha mboga ya mrenda na unga wa wimbi, anamwogesha, anamlisha uji, anamgeuza kitandani, halafu anarudi kwake kabla giza halijaingia. Leso ya manjano ilikuwa yake. Akifika anaitandika juu ya ua. Akiondoka anajifunga.

Mwanzoni nilidhani matembezi yale ni zawadi yangu. Nilijisikia mtoto wa maana sana. Siku nyingine tulishika njia ya mto, ambayo ni tambarare, tukapita kwa wafyatua matofali na mashamba ya nduma, tope likinipanda katikati ya vidole. Siku nyingine tulipanda njia ya kilimani, polepole, kwa sababu haina mwinuko wa kutisha, hadi kwenye jiwe kubwa ambalo ukikaa juu yake unaona mji wetu wote chini: kanisa, ghala, paa letu la mabati na ua. Baba alikaa hapo akikodoa macho kwenye ua. Mimi nilifikiri anapenda mandhari. Mara nyingine alisinzia akiwa amekaa, kichwa kinaanguka, anazinduka, anaangalia tena. Leso ikitoweka anasema, "Haya, mgeni ameenda. Twende nyumbani."

Na alikuwa anakohoa. Kila tulipokaribia kona, popote ambapo mahindi au vichaka vinaficha njia ya mbele, Baba alikohoa mara mbili kwa nguvu. Mahali palipo wazi hakukohoa hata kidogo. Nilikuwa na hakika kifua chake kimeoza kwa vumbi la ghala, nikawa namwombea kwa siri kanisani. Mama joto, Baba kifua. Ni maombi mengi kwa mtoto mdogo.

Siku moja tulifunga shule mapema, nikawa natembea na rafiki yangu Wanjiru, ambaye wazazi wake walikuwa wamekuja kufungua duka la vitambaa mjini kwetu. Mbele yetu Kukhu alikuwa anakuja na kikapu chake. Upande wa pili akatokea Baba, naye ametoka kazini mapema, na upepo ulikuwa mkali, sidhani kikohozi chake kilisikika. Walikutana uso kwa uso. Kukhu, mama mzima mwenye heshima zake, mweka hazina wa kina mama wa kanisa, aliruka mtaro akatumbukia ndani ya mahindi, kikapu na yote. Baba naye akageuka akatazama kayaba, akasimama hapo kama mtoto aliyewekwa kwenye kona na mwalimu, mpaka mahindi yakaacha kutikisika.

Wanjiru alinishika mkono. "Wee! Nyanya yako anaruka kwa mahindi ju ya nini?"

"Sijui."

"Kwani baba yako huwa anampiga?"

"Hapana!"

"Si basi anamchukia, bana. Mtu huwezi kimbia mtu hivyo bure."

Swali hilo liliniharibia mwaka. Tangu siku hiyo kila kitu kikawa ushahidi. Kukhu hakukalia kiti cha Baba hata mara moja. Hakutaja jina lake, alisema tu "huyo mwenye nyumba" au "baba yako". Baba naye alimwita mgeni, ilhali ndiye aliyemzaa mke wake. Sahani ambayo Baba alikula, Kukhu hakuigusa. Nikaunganisha mambo kwa akili yangu ya darasa la pili, nikapata jibu: Kukhu anamchukia Baba, leso ni ya kumfukuza, na siku Mama akipata nguvu ya kusimama, Kukhu atambeba amvushe kilima, na hatutamwona tena. Na Baba je? Baba anakubali tu kufukuzwa kwake mwenyewe, jioni baada ya jioni. Nilimkasirikia kwa hilo. Tukiwa kwenye jiwe sikuangalia ng'ambo wala ndege. Niliangalia mlango wetu, nikiogopa kuuona Mama akitolewa.

Nikamwuliza mara moja tu. "Baba, mbona tusirudi tu nyumbani? Si ni kwetu?"

"Tutarudi. Bado kidogo."

"Umechoka."

"Nimechoka, ndiyo," alisema, akafunga macho. Mimi nikaona ni woga.

Halafu ikaja siku ya soko. Kina mama walikuwa wamepanda Kapsokwony kununua viazi na kabeji, wanaume wako kwenye mnada wa ng'ombe, majirani wote hawapo. Mvua ilianza tukiwa juu kwenye jiwe. Baba alinifunika kwa koti lake lenye harufu ya magunia. Nilitazama chini nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: Kukhu amesimama nje ya ua, mvuani, ameishika leso ya manjano kwa mikono miwili, anaipunga juu ya kichwa. Anaipunga kuelekea kwetu. Ina maana siku zote hizo alijua tuko wapi.

Baba alishuka kilima mbio. Alikohoa akiwa anakimbia, kila kona, anakohoa na kukimbia, mimi nyuma nalia kwa sababu nilijua sasa wanaenda kupigana.

Tulipoingia uani Kukhu alikuwa amejifunika leso kichwani hadi usoni, ameelekea ukutani. Baba alisimama mlangoni, macho kwenye ardhi, maji yanamtiririka kidevuni. Kati yao ungeweza kuweka kiti kimoja tu. Hakuna aliyepigana na mwenzake. Kukhu alisema na ukuta:

"Nasimiyu! Mwambie baba yako mtoto wangu anachomeka. Ameanza kuongea na watu hawako. Anatakiwa kwa masista sasa hivi."

Nilimgeukia Baba. Alikuwa amesikia kila neno, lakini alinisubiri.

"Baba, Kukhu anasema Mama anachomeka."

"Mwambie nyanya yako nimesikia. Mwambie naleta ngazi."

Zahanati ya masista ilikuwa ng'ambo ya mto. Gari halikuwepo, na hata lingekuwepo lisingepita tope lile. Baba alileta ngazi ya mbao, akafunga godoro juu yake kwa kamba za magunia. Kukhu alimvika Mama blanketi. Waliponyanyua, Baba alishika mbele, mgongo wake kwetu, na Kukhu akashika nyuma, leso imeteremka hadi kwenye nyusi, macho kwa binti yake tu. Mimi nilitembea pembeni nikimshikia Mama mwavuli ambao haukumfaa mtu yeyote. Tukashika njia ya mto, ile ambayo kibao sasa kinasema ni rahisi.

Baba alizoea mizigo, akawa anaenda kasi. Kukhu alianza kuhema.

"Mwambie baba yako apunguze mwendo. Miguu yangu si ya msichana."

"Baba, Kukhu anasema upunguze mwendo."

"Mwambie nyanya yako mto unajaa. Tukikawia, daraja litafunikwa."

"Kukhu, Baba anasema mto unajaa."

"Mwambie mto naona, macho ninayo. Lakini nikianguka atabeba watu wawili."

"Baba, Kukhu anasema..."

"Mwambie sawa. Napunguza. Mwambie akanyage kwa majani, katikati kunateleza."

Ikawa hivyo njia nzima. Mimi mdogo, nimelowa, kamasi zinanitoka, narudiarudia maneno ambayo watu wawili wazima wamekwisha kuyasikia. Mwishowe nikachoka kabisa. Nikatupa mwavuli, nikapiga kelele katikati ya mvua: "Si mnasikiana! Si mko hapa nyote!"

Kisha kutoka kwenye godoro nikasikia sauti ndogo, kavu. Mama alikuwa anacheka. Macho ameyafumba, midomo imepasuka, mtu nusu yake imeshaenda, lakini anacheka. "Okota mwavuli, mtoto," alinong'ona. "Wabebee maneno tu. Usichoke."

Nilishangaa. Mtu hawezi kucheka hivyo kati ya watu wanaochukiana. Nikaokota mwavuli.

Daraja la mbao lilikuwa tayari na maji juu, si mengi, ya kufika kwenye vifundo. Baba alisimama. Kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikitetemeka. "Mwambie nyanya yako... mwambie kama anaogopa, tumweke mama yako chini, nitambeba mgongoni peke yangu."

Kukhu hakunisubiri nifikishe. "Mwambie aende. Kama ni kubebwa na maji, tutabebwa sote. Aende."

Tukavuka. Nilishika kamba ya godoro, maji yananivuta miguu, na mbele yangu niliuona mgongo wa Baba, umenyooka, yeye akipima kila ubao kwa mguu kabla ya kuukanyaga. Hakugeuka kuangalia nyuma hata mara moja. Alimwamini aliyekuwa nyuma yake bila kumwona.

Mlangoni mwa zahanati Kukhu alimwambia sista, "Mtoto yangu anakufa, tafadhari," na wakamchukua Mama ndani. Baba alizunguka nyuma ya jengo, akachuchumaa chini ya ukingo wa paa mahali ambapo mvua ilimfikia nusu. Kukhu alibaki barazani mbele. Ukuta mmoja kati yao. Sista mmoja alimletea Kukhu chai ya maziwa katika kikombe cha bati. Hakuinywa. Alinipa.

"Mpelekee huyo mtoto wa watu. Amefanya kazi leo."

Nilimpelekea. Baba alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa. Halafu akaniangalia kwa muda mrefu, akafungua mdomo.

"Mwambie nyanya yako..."

Nilisubiri. Nilikuwa nimeshaizoea kazi yangu. Lakini neno halikutoka. Alijaribu tena, akatikisa kichwa, akanirudishia kikombe kitupu.

"Basi. Usimwambie kitu."

Mama alipona. Ilichukua masika yote, lakini alipona, na baada yangu akaja ndugu yangu, na leo ndiye anayepalilia shamba la Baba. Jioni moja, nikimsaidia kuchambua mboga, nilimwuliza Mama swali la Wanjiru. Aliangua kicheko hadi akaweka ungo chini. Akanieleza kwamba kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani, hawali pamoja, hawakai nyumba moja. Si chuki, ni heshima, na kadiri mtu anavyomheshimu mkwe wake ndivyo anavyomkwepa mbali zaidi. Baba alikohoa kwenye kona ili Kukhu asikie na apate nafasi ya kujificha bila kuruka mitaro. Alitembea jioni zote zile, na mgongo ule uliobeba magunia siku nzima, ili Kukhu aweze kuingia ndani ya nyumba na kumwokoa mke wake. "Angekaa nyumbani apumzike," Mama alisema, "ningekufa."

Siku hizi watu wameifupisha mila hiyo. Mume wa binti yangu hunikumbatia mbele ya watu, ati "Sasa, Mum," halafu anataka tupige picha. Nampenda. Lakini kila akinikumbatia mwili wangu unatafuta mahindi ya kujificha.

Ndiyo njia tuliyokuwa tunapanda mwezi uliopita, mimi na Baba. Alipumzika kwenye jiwe lile, akiyakanda magoti, nami nikakaa kando yake tukitazama mji. Ua wa kayaba uling'olewa kitambo, kuna ukuta wa mawe. Tuliteremka upande wa pili. Tulipokaribia kona ya mwisho, ile ambayo ukishaipita unaliona boma la Kukhu na hema la mazishi, Baba alisimama akakohoa mara mbili kwa nguvu. Nililia hapo. Nilikuwa sijalia tangu nipigiwe simu, nikalia pale njiani, na yeye akanisubiri.

Hakwenda kwenye hema. Mkwe hatazami mwili wa mama mkwe wake. Walimwekea kiti nyuma ya ghala la mahindi, naye akakaa akielekea shambani, mgongo kwa watu. Kupitia kipaza sauti tulisikia wakimwombea Kukhu na kumsifu. Walipotangaza kwamba sasa jeneza litafunikwa, Baba alinishika mkono.

"Nenda. Mwambie nyanya yako nimesema asante. Mwambie ni ile ya siku ya mvua. Mwambie ilinikwama."

Nikaenda. Nikapenya kati ya shangazi na wajomba, nikamkuta Mama amesimama kwenye kichwa cha jeneza. Ndani Kukhu alikuwa mdogo, amefungwa leso. Niliinama. Watu walidhani ninaomba. Nikamwambia kila neno, kama alivyonituma, bila kupunguza wala kuongeza. Mama alisikia. Alifumba macho, akaniwekea mkono mgongoni, wakafunika.

Nikarudi nyuma ya ghala. Baba hakugeuka. Alikuwa ameishika kofia yake magotini.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, Baba."

Akangoja. Mahindi mbele yetu yalikuwa yametoa ndevu, upepo unayapitia. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayengojea jibu kweli:

"Amesema nini?"

Katika utoto wangu wote sikuwahi kuwapelekea neno ambalo halikusemwa. Nilimtazama, mabega yale yaliyoshuka, viatu vyenye tope la kilima kizima.

"Amesema upunguze mwendo."

Baba aliinamisha kichwa. Mabega yalitikisika, na sikujua kama ni kilio au ni kicheko kama kile cha Mama siku ile kwenye ngazi. "Mwambie sawa," alisema mwishowe. "Mwambie napunguza."

Tulirudi kwa njia ileile, jua likiwa bado juu, ameniegemea bega. Tulipita kona ya kwanza, na ya pili, na zile za kwenye mahindi marefu ambako huoni mbele. Hakukohoa.